Kuingia si kazi: shajara ya mradi wa mwongozo wa chuo cha jamii, Iowa

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Tumeanza rasmi. Kila Agosti simu zetu hazitulii. Binti wa fulani amemaliza sekondari na hajui aende wapi. Baba fulani aliyekuwa mwalimu Fizi, Kongo, anauliza kama diploma yake ya serikali itatambulika huku. Mama fulani amechoka kukata nyama kiwandani, anataka unesi. Wote wanaishia kwenye chuo cha jamii, kwa sababu ndicho kilicho karibu, ndicho cha bei nafuu, na hakimfukuzi mtu mlangoni. Nasi tuliopita huko tumekuwa tukijibu maswali yaleyale kwa simu, mtu mmoja mmoja, usiku, kati ya zamu na zamu. Sasa tunayaandika: kijitabu cha Kiswahili, pamoja na sauti za kusikiliza kwa wale ambao kusoma si jambo lao.

Kamati ni watu watatu. Mimi ni mtu wa Tanga, nilisoma uhasibu hapo chuoni. Yuko kaka wa Uvira aliyesomea mitambo ya kupasha na kupoza nyumba. Na yuko muuguzi wa Bujumbura, ambaye sote tunamwita Mama ingawa hana umri wa kutuzaa. Fedha hatuna. Tunazo simu zetu, kompyuta inayochemka kama jiko, na maktaba ya mji inayotupa chumba bure.

Sura ya kwanza nimeimaliza leo: chuo cha jamii ni nini. Nimeifanya fupi. Cha kwanza cha umma Marekani kilifunguliwa Joliet, karibu na Chicago, mwaka 1901. Hapa Iowa cha kwanza kilikuwa Mason City, 1918, na mwaka 1965 jimbo likatunga sheria ya kuvipanga kwa maeneo, ndiyo maana leo viko 15 na karibu kila mji una kimoja cha kufikika. Chini ya paa moja unakuta kijana anayesoma miaka miwili ili ahamie chuo kikuu, fundi wa kuchomelea, na bibi anayejifunza Kiingereza cha kuanzia.

Mzee mmoja wa Kasulu aliisikiliza rasimu akaniuliza, "Mwanangu, si ndiyo vile vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi?" Hayuko mbali. Vile vya Tanzania vilianza 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, mtu mzima ajifunze ufundi na maarifa bila kwenda mbali na kwake. Tofauti kubwa ni hiyo njia ya kuhamia chuo kikuu ukaanzia mwaka wa tatu. Mfano wake nimeuingiza kwenye kijitabu. Kwa msomaji wa Kigoma unaeleza kuliko aya yangu yote ya Joliet.

Jumapili, 22 Septemba 2024

Sauti za kwanza zimeingia kwenye kikundi. Tuliwauliza watu mambo matatu: uliingiaje, nini kilikutoa jasho, na ungemwambia nini mdogo wako.

La kwanza wanalimaliza kwa pumzi moja. Nilijaza fomu, nikapimwa Kiingereza na hesabu, nikapewa darasa, basi. La pili ndilo linalomaliza chaji ya simu.

Kijana aliyezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kigoma, alikuwa anaongoza darasa huko, akisoma mtaala wa Kongo. Alipofika Iowa alipangwa darasa la sekondari kwa umri wake, akahitimu, akaenda chuoni, na kile kipimo cha mwanzo kikamrudisha kwenye hesabu alizozimaliza zamani. Hesabu alizijua. Maswali ya maneno ndiyo yalimpiga chenga. Hakujua kwamba angeweza kujiandaa kwanza, wala kwamba angeweza kuuliza kama kuna nafasi ya kurudia. Alikaa muhula mzima akijibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuyaandika ubaoni.

Mama mwingine darasa lake la jioni lilikuwa linaisha saa tatu na dakika ishirini, na basi la mwisho limeshapita. Kozi aliichagua kwa kuangalia saa ya kuanza. Anasema hakuna aliyemwambia aangalie saa ya kurudi.

Na kuna kisa cha saa za ofisi, ambacho kimetuchekesha hadi tukajiuliza ni wangapi wetu hakikutupata. Kwenye silabasi kila mwalimu huandika saa ambazo yuko ofisini kwake kwa ajili ya wanafunzi. Dada mmoja wa Mombasa aliziona akajiambia huko wanaitwa watovu wa nidhamu. Hakwenda. Alifeli kazi mbili za kemia, mwalimu akamwandikia aende, naye akaenda akitetemeka, kavaa nguo za heshima. Akaelekezwa bure, somo zima, mtu mmoja na mwalimu mmoja. "Nyumbani hiyo ni tuisheni, wazazi wangeilipia!" Kama kijitabu chetu kingekuwa na ukurasa mmoja tu, mimi ningeandika hilo.

Tumepindua mpangilio. Kuingia tumekupa kurasa mbili, na kurasa zote zinazobaki ni za namna ya kutotoka kabla hujamaliza. Kaka wa Uvira hakuafiki mara moja. "Dada, mutu asipoingia, atabakia wapi?" Ana hoja, ndiyo maana zile mbili zipo.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Leo tumeshinda kwenye sura moja tu, ya kuacha masomo, na naona ndiyo itakayokuwa moyo wa kijitabu.

Watu kadhaa wasiojuana wametusimulia kisa kimoja. Mtu anaanza muhula Agosti akiwa na msaada wa serikali, ada imelipwa, na hata fedha kidogo za vitabu na nauli amepata. Septemba kiwandani wanambadilishia zamu, au mtoto anaugua, au gari linakufa. Anaacha kwenda darasani. Hamwambii mtu, kwa sababu ya aibu, na kwa sababu haoni wa kuambiwa. Anajisemea nitarudi Januari. Januari anafungua akaunti yake ya chuo na kukuta anadaiwa. Hawezi kujiandikisha mpaka alipe, na matokeo ya muhula ule ni F mstari mzima.

"Nilikuwa nazani ukiacha kwenda inaisha tu," anasema mmoja. "Kumbe wako wanahesabu."

Kweli wanahesabu. Msaada wa serikali ya Marekani huufikii wote siku muhula unapoanza. Unaustahili polepole kadiri muhula unavyokwenda. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu ambayo hujaistahili inarudishwa serikalini. Kwa muhula wa wiki 16, aliyejiondoa mwisho wa wiki ya nne amestahili takriban robo tu. Chuo kinarudisha fedha, kisha kinakugeukia wewe, kwa kuwa ada yake iko palepale. Ukivuka hiyo asilimia 60 umestahili zote, hata kama baada ya hapo utalazimika kuondoka.

Kuna na la pili linalofuata nyuma yake. Ili uendelee kupewa msaada lazima uonekane unasonga mbele: kwa kawaida wastani wa alama usishuke chini ya 2.0 kati ya 4.0, na umalize angalau asilimia 67 ya krediti (vipimo vya uzito wa masomo) ulizojiandikisha. F zinakupiga huku na huku. Alama ya W, anayopewa aliyejiondoa kwa utaratibu, haigusi wastani, ingawa kwenye hesabu ya krediti inakuhukumu vilevile. Kwa hiyo hata kuondoka kuna kuondoka vizuri.

Tumebishana kwa nini jambo hili linawakamata watu wetu zaidi, nami nasimama na maelezo ya Mama. Kwetu mtoto asipolipiwa ada anarudishwa nyumbani na mwalimu mkuu. Ada ikipatikana anarudi. Shule haijawahi kukutumia bili ya siku ambazo hukuwepo. Kutokuwepo kwako ndiko kunakozuia deni lisiongezeke. Mtu mwenye akili timamu aliyekulia kwenye utaratibu huo, akibanwa, anafanya lililo la busara kwake: anakaa nyumbani mpaka mambo yakae sawa. Huku busara hiyohiyo ndiyo inayomgharimu.

Tumeandika ukurasa wa kubandikwa kwenye friji. Ukibanwa, usinyamaze. Nenda kwa mshauri wa masomo wiki hiyohiyo, kisha ofisi ya msaada wa fedha, na uwaulize swali moja kabla ya kuacha chochote: nikiacha leo, nitadaiwa nini? Uliza kama unaweza kuacha somo moja ukabaki na mengine. Uliza kama somo hilo lipo kwa njia ya mtandao. Mwambie mwalimu kuhusu zamu yako, maana wengine wana moyo wa kukusogezea tarehe, lakini hakuna anayemsogezea aliyenyamaza.

Kaka wa Uvira anataka tuongeze "na umwambie msimamizi wako wa kazi." Nimemwachia aiandike hiyo yeye, mimi msimamizi wangu namjua.

Jumapili, 24 Novemba 2024

Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa serikali wa kulipia masomo, ya mwaka wa masomo 2025–26 ilifunguliwa kwa wote Alhamisi, tarehe 21. Kwa kawaida ni 1 Oktoba. Mwaka jana fomu mpya ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba na ikaja na matatizo yake, kwa hiyo watu wamekuja maktaba leo na uoga wa mwaka jana.

Mambo yaliyotusumbua, nayaandika kabla sijasahau.

Anayestahili. Mkimbizi aliyepokewa rasmi, aliyekwisha kupewa hifadhi, na mwenye kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) wote wanaweza kuomba. Anayesubiri kesi yake ya hifadhi bado hawezi, na mwenye viza ya mwanafunzi hawezi kabisa. Nusu ya chumba walikuwa wanaamini ni raia tu. Kuna aliyelipa muhula mzima mfukoni kwa imani hiyo. Pell ni ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kubwa kabisa mwaka huu wa masomo ni dola 7,395, na hairudishwi mradi umalize muhula wako. Kwa mwenye kipato kidogo, mara nyingi inatosha ada ya chuo cha jamii.

Tarehe za kuzaliwa. Ukumbini palikuwa na watu wengi wenye kuzaliwa 1 Januari, kama walivyoandikwa kambini. Hilo halina shida. Shida ni pale kadi ya hifadhi ya jamii inasema 1 Januari na shule ya sekondari iliandika tarehe ya kweli ambayo mama aliikumbuka baadaye. Majina nayo hivyohivyo, la baba limewekwa mbele hapa na nyuma pale. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi. Ushauri wetu: jaza kama kadi inavyosema, hata kama kadi imekosea, na marekebisho uyaanzie kwenye kadi.

Wazazi. Mwanafunzi mdogo anahitaji mzazi afungue akaunti yake mwenyewe na aruhusu taarifa za kodi zichukuliwe. Kwa fomu hii ni kodi ya 2023. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, serikali inautaka mshahara wangu wa nini? Mimi siyo ninayesoma." Nilimweleza mara ya kwanza kwa Kiswahili cha ofisini, hakuridhika. Binti yake akamweleza kwa Kibembe, wakacheka wote wawili, akasaini. Sijui alimwambia nini.

Pia tumeandika mistari michache kuhusu msaada wa jimbo unaoitwa Last-Dollar Scholarship, ulioanza 2019, ambao kwa fani zenye uhaba wa wafanyakazi unaziba ada inayobaki baada ya ruzuku nyingine. Wengi wa wauguzi na mafundi hawakuwa wamewahi kuusikia.

Kijana wa Eldoret mwenye viza ya mwanafunzi alikaa nasi mpaka mwisho bila fomu ya kujaza. Kijiji kilimfanyia harambee, ikatosha muhula wa kwanza. Lazima abaki na krediti 12 kila muhula, na wakati wa masomo kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kila wiki nyumbani wanampigia kumuuliza ataanza kutuma fedha lini. Amekubali kurekodi. Ukurasa wake utasimama peke yake, kwa sababu sheria za wenzake karibu zote hazimhusu.

Jumapili, 15 Desemba 2024

Wiki ya mitihani ilipita, hakuna aliyetuma sauti. Haki yao.

Mama ameleta ukurasa wa baridi: hakikisha namba yako ya simu iko kwenye mfumo wa chuo, maana ujumbe wa kufuta masomo kwa sababu ya theluji unakuja alfajiri, na bila ujumbe huo utasimama kituoni bure. Mimi nimeongeza la saa. Kazi nyingi za mtandaoni zinafungwa dakika moja kabla ya usiku wa manane, yaani saa tano na dakika 59 usiku kwa kuhesabu kwetu. Kwenye kijitabu saa zote zimeandikwa kwa namna mbili.

Jumapili, 2 Februari 2025

Kikao kigumu. Amri ya rais ya 20 Januari imesimamisha mapokezi ya wakimbizi kuanzia tarehe 27. Kuna nyumba hapa mjini zilizokwisha kupanga vitanda vya wadogo zao wanaongoja Nyarugusu. Kijana wetu wa hesabu ana dada yake kwenye orodha hiyo, leo hakuja.

Tukaulizana kijitabu ni cha nani sasa, ikiwa wageni wapya hawaji. Kaka wa Uvira alitaka tusimame kwanza. Mama akasema waliokwisha kufika ndio hatujawamaliza: wanaume na wanawake wa miaka arobaini, walioingia kiwandani wiki ya tatu baada ya kushuka ndege, hawajakanyaga darasa tangu wakati huo. Hao hatukuwa tumewaandikia hata ukurasa.

Kwa hiyo kuna sura mpya. Inaanzia kwenye madarasa ya Kiingereza ya watu wazima, inapita HiSET, mtihani wa usawa wa sekondari unaotumika Iowa, kwa asiye na cheti au ambaye cheti chake kilibaki Uvira pamoja na nyumba. Inafika kwenye kozi ya msaidizi wa wauguzi, ambayo ni ya saa 75 tu na ndiyo mlango ambao mama zetu wengi waliupita kutoka kiwandani. Mama mwenyewe alianzia hapo. Anataka iandikwe waziwazi kwamba kazi hiyo inavunja mgongo na mshahara wake si mkubwa, ili mtu aichukue kama ngazi na asiifanye nyumba. Alipoendelea na unesi wa miaka miwili, anatomia ilimliza. Alijifunza majina ya mifupa kwa kuyabandika kwenye makabati ya jikoni, watoto wakawa wanamuuliza kabla ya kupewa chakula. Mtihani wa leseni aliofanya, NCLEX-RN, ndio huohuo wanaofanya waliosoma miaka minne, na hilo analisema kila mahali, kwa sauti.

Jumapili, 9 Machi 2025

Saa zimesogezwa mbele usiku wa kuamkia leo, nusu ya watu wamechelewa. Mada ilikuwa kuhamia chuo kikuu.

Hapa nina hasira kidogo, nitajaribu kuwa mfupi. Digrii za miaka miwili zina majina yanayofanana: Associate of Arts (AA), Associate of Science (AS), na Associate of Applied Science (AAS). Mgeni anaona ni kitu kimoja. Ya mwisho imetengenezwa kumpeleka mtu kazini, na krediti zake nyingi hazihesabiki ukitaka kuendelea. Kijana mmoja aliambiwa na mjomba wake kwamba kompyuta ina kazi, akachagua programu ya kompyuta iliyoandikwa AAS, akaisoma vizuri, alama za juu. Alipoomba kuhamia chuo kikuu akakubaliwa, lakini sehemu ndogo tu ya krediti zake ndiyo iliyopokewa kwa digrii aliyoitaka. Na ruzuku ya Pell ina kikomo cha maisha, mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Aliyoitumia imetumika.

Hakudanganywa na mtu. Chuoni kila kitu kiliandikwa, na kama angeuliza angejibiwa. Ila lazima uwe unajua kwamba kuna la kuuliza. Ndipo ninapoona mlango wazi hautoshi: wenzake waliozaliwa hapa wana shangazi aliyepita njia hiyo, yeye ana mjomba aliyesikia kwamba kompyuta ina kazi.

Ushauri tuliouandika: kabla ya kuchagua kozi ya kwanza, fungua ukurasa wa chuo kikuu unachokitaka. Vya umma hapa jimboni ni vitatu: Iowa, Iowa State na Northern Iowa. Tazama fani yako inadai nini, kisha umpelekee mshauri karatasi hiyo mkononi. Anayetaka uhandisi aanze hesabu muhula wa kwanza, maana zinapandiana na ukichelewa moja umechelewa zote. Asiyejua bado anataka nini achukue njia ya AA, ndiyo inayofunga milango michache zaidi.

Jumapili, 13 Aprili 2025

Tumewapa rasimu wasomaji ambao hawajawahi kufika chuoni. Wa Bukavu wamelalamika kwamba tumeandika "ada" kila mahali wakati wao ni minerval. Tumeweka yote mawili. Kina mama wamesema sauti zangu zinakwenda mbio. Kaka mmoja akataka kujua kwa nini hakuna picha ya jengo, na kweli, hatukuwa na picha hata moja. Mtu ambaye hajawahi kuingia anataka kujua mlango uko upande gani.

Zilizochangamsha zaidi ni kurasa za darasani: mwalimu anayetaka aitwe kwa jina lake la kwanza, alama zinazotolewa kwa kuongea. Mzee wa Kasulu hakubali kumwita mwalimu kwa jina tupu. Tumekubaliana aseme "Professor" tu, hakuna atakayemkatalia. Kuhusu kuongea, dada wa Mombasa ana mbinu: anaandika swali moja nyumbani usiku, analiuliza dakika kumi za kwanza kabla Kiingereza cha wenzake hakijashika kasi, kisha anapumzika.

Jumapili, 18 Mei 2025

Muhula umeisha. Maktaba imekubali kutuchapia nakala za kwanza, na kanisa mbili na msikiti zitazigawa kabla ya usajili wa Agosti. Ukurasa wa friji tumeuchapa peke yake kwenye karatasi ya njano.

Kijana wa Nyarugusu amemaliza krediti zake 60 na anahamia chuo kikuu. Yule wa AAS anafanya kazi ya kompyuta hospitalini na kurudia masomo mawili jioni. Mama aliyekosa basi amenunua gari, sasa anawabeba wengine wawili, na amekataa kulipwa mafuta.

Kazi zilizobaki: sauti ya sura ya unesi ina kelele ya mashine ya kufulia, inabidi irekodiwe upya. Ukurasa wa viza unangoja kijana wa Eldoret aukague, yuko kwenye mitihani ya lugha wiki hii. Kiwango cha Pell cha mwaka ujao kimebaki dola 7,395, kwa hiyo jedwali halibadiliki. Kaka wa Uvira bado anadaiwa aya yake ya msimamizi wa kazi.

Kikao kijacho ni Juni, chumba kilekile. Anayekuja alete chaja.